Gentoo Ikikataa Kusasishwa: Mtafute Anayeshikilia

Oktoba 2024 dada mmoja alifika karakana yangu hapa Ng'ambo, Tabora, na kompyuta mpakato aliyoibeba kutoka Urambo ikiwa imeviringishwa kwenye kanga. Ndani mlikuwa na Gentoo, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na mara ya mwisho kusasishwa ilikuwa Agosti 2023. Usiku uliotangulia alijaribu mwenyewe, skrini ikajaa maandishi mekundu, akaizima. Swali lake la kwanza: "Kaka, imekufa?"

Haikuwa imekufa, na ningependa kila anayetumia Gentoo alijue hili kabla ya kitu kingine. Mfumo huu kwa kawaida huleta msimbo chanzo, na kompyuta yako ndiyo inayojenga. Kabla ya kujenga chochote, Portage, msimamizi wa vifurushi, hupiga hesabu: kifurushi hiki kinataka kile, kile kinataka toleo fulani la maktaba fulani, na vyote vinapaswa kukubaliana. Ujumbe wa mgongano maana yake hesabu haijapatana. Hakuna programu iliyoguswa bado. Mashine iko vilevile ilivyokuwa dakika tano zilizopita, na unao muda wote wa kusoma.

Katika kusoma huko, swali langu ni moja: nani anashikilia? Kwenye mashine nilizozishughulikia, karibu kila mara kuna kifurushi kimoja kinachowazuia wenzake wengi, na mara nyingi kimewekwa hapo na mkono wa mwenye kompyuta, kwa mstari mmoja ndani ya `/etc/portage` ambao ameshausahau.

## Anza na saa, mti na habari

Dalili: upakuaji unakataa kwa madai kwamba cheti cha seva hakijaanza kutumika, au sahihi inaonekana imetiwa siku ambayo bado haijafika.

Sababu ni saa. Betri ndogo ya ubaoni ikiisha na mashine ikakaa bila umeme, inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Andika `date` uone. Rekebisha, kisha `hwclock --systohc`, na ununue betri mpya. Kompyuta nyingi hutumia CR2032. Saa mbovu huichanganya pia `make`, ambayo hulinganisha muda wa mafaili ili ijue kipi kijengwe upya. Ukiona "Clock skew detected", simamisha ujenzi, weka saa sawa, ndipo uendelee.

Dalili: `emerge --sync` inakatikakatika, au baada yake Portage inalalamikia mambo yasiyo na kichwa wala miguu.

Mti wa vifurushi, ule ulioko `/var/db/repos/gentoo`, umekuja nusu. Kwa intaneti ya simu napendelea `emerge-webrsync`: inaleta picha ya mti mzima ya siku hiyo ikiwa faili moja lililobanwa, na inahakiki sahihi kabla ya kulifungua. Mara moja kwa siku inatosha. Kusawazisha mara tano ukitumaini mgongano utajiondokea ni kumaliza bando bure.

Mti ukishakaa sawa, sasisha Portage yenyewe kabla ya kitu kingine chochote:

```
emerge --oneshot sys-apps/portage
```

Mapishi ya vifurushi (ebuild, yaani maelekezo ya kujenga kila kimoja) huandikwa kwa kanuni zinazobadilika miaka inavyokwenda, na Portage ya zamani hushindwa kusoma pishi jipya. Kwa mashine iliyolala zaidi ya mwaka, hatua hii peke yake huondoa malalamiko mengi.

Kisha `eselect news read`. Watu huiruka, na inaniuma, kwa sababu wanaotengeneza Gentoo huandika humo hatua kwa hatua namna ya kuvuka mabadiliko makubwa. Kwa yule dada iliyokuwa muhimu ni habari ya Machi 2024 kuhusu profaili za 23.0, profaili ikiwa ndiyo mipangilio ya msingi ya mfumo. Yeye alikuwa bado kwenye 17.1. Utaratibu ulioandikwa ni kusasisha mfumo wote kwanza ukiwa kwenye profaili ya zamani, halafu ndipo uhame. Wengi huona onyo kwamba profaili yao imepitwa na wakati, wanahama papo hapo, na kujikuta na migongano miwili ndani ya mmoja.

## Mgongano wa nafasi

Dalili: "Multiple package instances within a single package slot have been pulled into the dependency graph".

Huu ndio unaowatisha watu zaidi, na ndio wenye mafunzo mengi. Anza kwa kuuliza bila kutenda:

```
emerge -pvuDN --with-bdeps=y --backtrack=50 --verbose-conflicts @world
```

`@world` ni vyote ulivyoomba wewe pamoja na vya msingi vya mfumo. Herufi `p` inaiambia Portage ionyeshe tu. `--backtrack=50` inairuhusu irudi nyuma na kujaribu njia nyingine mara nyingi zaidi kabla ya kukata tamaa; kwenye mashine dhaifu hesabu inaweza kuchukua dakika nyingi, iache. Wakati mwingine hilo tu linatosha na mgongano unatoweka. Usipotoweka, utaona kitu cha namna hii:

```
dev-libs/icu:0
  (dev-libs/icu-75.1:0/75.1::gentoo, ebuild scheduled for merge) pulled in by
    (no parents that aren't satisfied by other packages in this slot)
  (dev-libs/icu-73.2:0/73.2::gentoo, installed) pulled in by
    dev-libs/icu:0/73.2= required by (app-text/kisomaji-1.2, installed)
```

(Jina la `kisomaji` nimelitia mimi, kwa faragha ya mwenye mashine.)

Kila kifurushi kina nafasi, mithili ya kiti chenye namba kwenye behewa. Matoleo yenye nafasi tofauti hukaa pamoja bila ugomvi, ndiyo maana unaweza kuwa na Python 3.11 na 3.12 kwa wakati mmoja. Matoleo mawili ya nafasi ileile ni abiria wawili wenye tiketi za kiti kimoja. Sisi wa Tabora tunaielewa picha hii, maana hapa ndipo reli ya kati inapogawanyika, huku Mwanza, huku Kigoma, na behewa ulilopanda lina maana.

Sasa soma. Toleo jipya la maktaba ya `icu`, 75.1, halina anayeling'ang'ania. Ndiyo maana ya ule mstari kwenye mabano. Toleo la zamani, 73.2, lina mwenyewe: `kisomaji`. Alama ya `=` mwishoni mwa `0/73.2=` inasema programu hiyo ilijengwa juu ya toleo lile hasa, na maktaba ikibadilika lazima nayo ijengwe upya. Neno la kuangalia zaidi ni "installed" linalofuata jina la `kisomaji`. Linamaanisha Portage inaiona programu ile ikiwa kwenye diski, ila haijapanga kuijenga upya. Kwa nini? Hapo ndipo kazi ilipo.

Huenda ilitoka kwenye hazina ya nyongeza ambayo umeiondoa au haisawazishwi tena, kwa hiyo pishi lake halipo. Huenda iliondolewa kwenye mti mkuu kwa kukosa mtunzaji. Huenda ni yatima, hakuna kinachoihitaji na hukuiomba, basi usasishaji hauifikii. Au, na hili naliona mno, wewe mwenyewe uliwahi kufungia matoleo mapya. Uliza hivi:

```
equery depends app-text/kisomaji
grep -rE "kisomaji|icu" /etc/portage /var/lib/portage/world
```

`equery` iko kwenye `app-portage/gentoolkit`. Kama huna, `grep` peke yake inaonyesha mengi.

Nilipomuuliza yule dada kuhusu programu iliyokuwa inashikilia, alifikiri kidogo akasema aliwahi kuitumia kusomea vitabu, siku hizi anasomea kwenye simu. Ilitoka kwenye hazina ya nyongeza iliyoachwa. Tuliiondoa kwa `emerge --ask --depclean` pamoja na jina lake, basi. Hesabu iliyofuata ilitoka bila neno jekundu, ikapanga vifurushi zaidi ya 200.

Angekuwa bado anaihitaji, ningetafuta pishi jipya kwenye hazina nyingine, au ningeiondoa kwa muda, nisasishe mfumo, kisha nijaribu kuijenga upya juu ya maktaba mpya. Kitu ambacho sikifanyi ni kuilazimisha kwa `--nodeps`. Chaguo hilo halitatui ugomvi, linaiziba Portage macho tu, na utaulipia siku programu itakapokataa kufunguka.

Faili la `/var/lib/portage/world` linastahili neno la ziada. Linabeba majina ya vitu ulivyoomba wewe. Kila ukiandika `emerge` na jina la maktaba bila `--oneshot`, maktaba hiyo inaingia humo, na kuanzia siku hiyo Portage inaamini unaitaka kwa hiari yako hata kama hakuna programu inayoitumia. Lifungue ulisome. Likiwa na `dev-libs/` na `dev-python/` nyingi usizozikumbuka, umeshapata chanzo cha migongano ya miaka. Ondoa jina kwa `emerge --deselect`, ambayo haifuti kifurushi, inafuta ombi tu.

## Python, kila mwaka

Dalili: migongano kumi au ishirini kwa mpigo, yote ya `dev-python/`, na kila mstari una `python_targets_python3_11` upande mmoja na `python3_12` upande mwingine.

Gentoo hubadilisha Python ya kawaida mara kwa mara, 3.12 ilishika nafasi hiyo kuanzia tarehe 1 Juni 2024. Vifurushi vya Python hutegemeana na vyote hutakiwa kujengwa kwa toleo moja, hivyo kimoja kikibaki nyuma kinawarudisha wote. Wingi wa ujumbe usikutishe, chanzo kwa kawaida ni kimoja.

Angalia kwanza kama uliwahi kuandika `PYTHON_TARGETS` ndani ya `make.conf` au `package.use`. Ukiukuta mstari wa zamani, ufute ujaribu tena. Kama haupo na bado inagoma, vuka kwa awamu. Ndani ya `/etc/portage/package.use/python` weka:

```
*/* PYTHON_TARGETS: -* python3_11 python3_12
*/* PYTHON_SINGLE_TARGET: -* python3_11
```

Sasisha `@world`. Badilisha mstari wa pili uwe `python3_12`, sasisha tena. Ondoa `python3_11` kwenye wa kwanza, sasisha mara ya tatu. Halafu futa mistari yote miwili. Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, na mwaka unaofuata mistari hiyohiyo inakuwa ndiyo mshikiliaji.

## Swichi, vizuizi na vilivyofungiwa

"The following USE changes are necessary to proceed". Kuna kifurushi kinachotaka chenzake kijengwe na uwezo fulani, mathalani sauti au picha za aina fulani, na swichi yake ya USE umeizima. Portage hujitolea kukuandikia mstari kwa `--autounmask-write`, nawe unathibitisha kwa `dispatch-conf`. Ni msaada mzuri, ila usikubali bila kusoma. Binafsi naandika mistari hiyo kwa mkono, kila mmoja na maelezo mafupi juu yake: nani aliutaka, mwezi gani. Mstari usio na tarehe hakuna anayethubutu kuufuta.

"REQUIRED_USE flag constraints are unsatisfied". Umewasha swichi mbili zisizopatana, au hujawasha hata moja pale inapohitajika moja. Jibu liko kwenye mstari uleule.

`[blocks B]`. Vifurushi viwili haviwezi kukaa pamoja. Herufi ndogo `b` Portage inaimaliza yenyewe. Kubwa inakusubiri wewe uondoe kimoja. Angalia kwanza unachoondoa kisiwe kitu ambacho mfumo unasimama juu yake.

"masked by: ~amd64 keyword". Toleo hilo liko tawi la majaribio. Likifunguliwa, lifunguliwe lenyewe tu ndani ya `package.accept_keywords`. Kugeuza mfumo mzima kuwa `~amd64` kwa ajili ya programu moja ni mlango wa kuingilia tu: ukitaka kurudi, glibc, maktaba ambayo karibu kila programu inasimama juu yake, itakataa kushushwa toleo, na inafanya vyema kukataa.

Nikiwa hapo: ukiona `UD` kwenye orodha, toleo linashushwa, na si lazima iwe hitilafu. Mwishoni mwa Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na Gentoo ikaurudisha mti kwenye toleo la nyuma. Aliyefungia ushushaji siku ile alijifungia na mwizi ndani.

## Mzunguko

Dalili: "circular dependencies". A inamsubiri B, B anamsubiri A, kama treni mbili kwenye reli ya njia moja ambazo hakuna iliyokubali kuingia pembeni. Mfano maarufu ni `freetype` na `harfbuzz`, maktaba za fonti na maandishi. Mmoja anajengwa kwanza bila mwenzake:

```
USE="-harfbuzz" emerge --oneshot media-libs/freetype
```

Kisha endelea na `@world` kama kawaida. Portage itamjenga tena akiwa kamili. Usiiandike swichi hii kwenye faili lolote.

## Hesabu imekubali, ujenzi unakufa katikati

Hapa tatizo limetoka kwenye vifurushi na kuingia kwenye mashine yenyewe. Ujumbe wa mwisho kwenye skrini mara nyingi hausemi kitu. Panda juu hadi uone neno "error" la kwanza, au fungua `build.log` ambayo Portage inakutajia mahali ilipo.

"Killed signal terminated program cc1plus". Kumbukumbu imeisha na kerneli imeua kompaila, `dmesg` itathibitisha. Kitabu cha Gentoo kinashauri GB 2 za RAM kwa kila kazi inayoendeshwa sambamba. Mashine ya yule dada ilikuwa na GB 4, na `make.conf` yake ilisema `-j8`, yaani kazi nane sambamba. Kwa vifurushi vyote niliweka `-j2`, na kwa vile vizito peke yake nikaandika `MAKEOPTS="-j1"` ndani ya `/etc/portage/env/moja.conf`, kisha kwenye `/etc/portage/package.env`:

```
dev-qt/qtwebengine moja.conf
```

Swapu, sehemu ya diski inayosaidia RAM, nayo iongeze. Itakwenda polepole lakini itafika.

"No space left on device". Tazama `df -h /var/tmp`. Watu huweka `/var/tmp/portage` kwenye RAM ili kuharakisha, halafu kifurushi kikubwa kinaijaza. `eclean-dist` inafuta vyanzo vya zamani na kukupa nafasi kwenye diski.

Umeme umekatika, au uniti za LUKU zimeisha saa nane za usiku. `emerge --resume` inaendelea na orodha pale ilipofika, lakini kifurushi kilichokuwa kinajengwa kitaanza upya. Kama kilikuwa cha saa nane na kazi yake ilikuwa kwenye diski, unaweza kukiendeleza kwa kuita pishi lake moja kwa moja: `ebuild`, njia kamili ya pishi lenye toleo lilelile, kisha `merge`. Hatua zilizokamilika hazirudiwi. Angalizo: umeme ukikatika wakati mafaili yanahamishiwa kwenye mfumo, usijaribu kuunga. Jenga kifurushi hicho upya tangu mwanzo kwa `--oneshot`, kwa sababu faili lililoandikwa nusu halijitangazi.

Kuna nafuu kubwa. Tangu tarehe 29 Desemba 2023 Gentoo hutoa vifurushi vingi vilivyokwisha jengwa kwa vichakataji vya amd64 na arm64. Endesha `getuto` mara moja ili kuweka funguo za uhakiki, kisha ongeza `--getbinpkg` kwenye amri yako. Swichi zako zikilingana na za kifurushi, kinashuka tayari, zisipolingana, kinajengwa. Kwa mashine ya GB 4 inayotegemea umeme wetu, sioni sababu ya kuikataa nafuu hii. Ukijijengea mwenyewe kwenye mashine yenye nguvu ili uhamishie kwenye dhaifu, usitumie `-march=native`, inayolenga kichakataji cha mashine inayojenga, la sivyo programu zitaanguka na "Illegal instruction".

## Upakuaji

Tenganisha kupakua na kujenga. `emerge -fuDN @world` hupakua tu. Iendeshe kwa bando la usiku, ujenzi ufanye mchana bila mtandao. Kama intaneti iko kwa jirani, orodhesha viungo, ubebe kwenye flashi:

```
emerge -pfuDN @world > orodha.txt 2>&1
```

Kila mstari una seva kadhaa za faili lilelile, chukua kutoka moja tu. Mafaili yaweke `/var/cache/distfiles`. Portage ikisema ukubwa au alama ya uhakiki hailingani, faili lilikatika njiani: lifute, lipakue tena. Kutengeneza alama mpya ili zilingane na faili bovu ni kuizima kinga yenyewe.

## Baada ya orodha kuisha

Endesha `emerge @preserved-rebuild` kama Portage imekuambia kuna maktaba za zamani ilizozihifadhi. Kisha `dispatch-conf`, faili moja moja. Kwenye lolote ulilowahi kulihariri kwa mkono, soma tofauti kabla ya kukubali.

`--depclean` iwe ya mwisho, na kwanza na `-p`. Kabla ya kukubali, andika `gcc-config -l`. Kompaila mpya inapokuja kwa toleo kubwa, haichaguliwi yenyewe. Ya zamani ndiyo inaendelea kutumika, na ndiyo `--depclean` inayotaka kuiondoa. Chagua mpya, andika `source /etc/profile`, halafu safisha.

Kwa yule dada kazi hiyo ilituchukua siku mbili, vifurushi vingi vikiwa vimeshushwa tayari. Profaili ya 23.0 tuliihamia siku ya tatu kwa kufuata ile habari mstari kwa mstari, hadi `emerge --emptytree @world` inayojenga upya kila kitu, na hiyo tuliiacha ikienda usiku kucha. Asubuhi tulifungua `package.use` pamoja. Ilikuwa na mistari 31. Tulibakisha 6, na kila mmoja aliuandikia tarehe yeye mwenyewe.